Gari Lisilolia Jumapili

Sauti yenyewe siwezi kuiandika, na kila niliyemwigia alinicheka kwanza kabla ya kunisaidia. Tuseme hivi: mkanyage mwana wa nguruwe mkia, kisha mzibe mdomo kwa kitambaa, hapo umekaribia. Gari langu lilitoa sauti hiyo kila asubuhi ya baridi nilipoliwasha. Lililia kwa muda wa Salamu Maria moja isiyo ya haraka, kisha likanyamaza siku nzima, likatembea vizuri, likanifanya nionekane mwongo.

Mimi ni dereva wa teksi. Njia yangu ni kutoka mjini Kamina hadi Base, kule kambi ya askari, na ninawabeba wake za askari na magunia yao, makapu ya samaki wakavu wa Kinkondja, kuku waliofungwa miguu, watoto waliolala, kila kitu kinachoweza kuingia na baadhi ya vitu visivyoweza. Gari si jipya, lina umri wa kuoa. Kapo, yaani kile kifuniko cha motere, ile injini, kufuli yake ilikufa zamani. Ninaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mtu yeyote mwenye vidole viwili anaweza kuifungua. Lakini ni gari langu, na sipendi mtu mwingine aliseme vibaya. Kazi ya kulisema vibaya ni yangu.

Wakati mwingine ningeiacha sauti ijililie. Gari la umri ule lina haki ya kulalamika kidogo asubuhi, hata mimi nalalamika. Shida ni kwamba tulikuwa na safari. Habari ilikuwa imetoka Kabongo kwamba dada mkubwa wa mama mkwe wangu haamki tena kitandani. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alikuwa amezeeka tu, mwili umechoka, na kitu alichokuwa akiomba ni kimoja: amwone mdogo wake. Treni ya kwenda Kabongo hakuna aliyejua itakuja lini, hata waliokaa kituoni kuisubiri hawakujua. Pikipiki kwa mwanamke wa umri wake, njia yote ile ya mchanga na mashimo, ni kumuua kabla ya dada yake. Basi nilisema mbele ya mke wangu, kwa sauti kubwa ili isikike hadi nyuma ya nyumba, kwamba nitampeleka mwenyewe. Nilijisikia mkwe mzuri sana siku hiyo. Asubuhi iliyofuata, gari likalia kwa mara ya kwanza.

Niseme kwa nini nilizungumza kwa sauti kubwa badala ya kwenda kumwambia mama mkwe mwenyewe, maana anaishi uani kwangu, hatua chache tu, katika nyumba ndogo niliyomjengea. Sisi Baluba tuna buko. Buko ni haya iliyoko kati ya wakwe, na kubwa kuliko zote ni ile ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Simtazami usoni. Simpi mkono. Sili mbele yake, wala yeye hali mbele yangu. Nikitaka kutoka mlangoni nakohoa kwanza, ili apate muda wa kupotea, na yeye akitaka kupita kwenda kuchota maji anakohoa naye. Jirani yetu mmoja, mke wa askari aliyetoka mbali huko Equateur, alipohamia tu alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma kwamba dawa za kifua hospitalini zinatolewa bure. Kuna vijana siku hizi wanaoketi na mama wakwe zao sebuleni wakitazama televisheni, mambo yao. Kwetu bado. Kwa miaka yote hiyo mimi nilimjua mama mkwe kama ncha ya kitenge inayopotea kwenye kona, na kama harufu ya mafuta ya moto alfajiri, kwa sababu anakaanga bitumbula, yale maandazi ya mviringo, na kuwauzia watoto wa shule na wafanyakazi wanaopita barabarani. Angeweza kula kwetu bila kazi hiyo. Hataki. Anasema, kwa kinywa cha mke wangu, kwamba mama hawi mzigo wa mkwe.

Basi kila neno kati yetu hupitia kwa mke wangu. Na mke wangu, kila jioni nikivua viatu, alikuwa na swali moja.

“Papa ya batoto, ile motoka itapona siku gani?”

Nilikuwa namjibu kwa ukali, kwa sababu sikuwa na jibu. Sauti inayotoka mbele ya motere si kitu cha kuchezea. Ule mkanda unaozungusha pampu ya maji ukikatika katikati ya pori, motere inachemka, na mtu unabaki hapo na gari lako kama mlinzi wa kaburi. Mimi peke yangu ningebaki. Lakini kubaki porini na mama mkwe, ambaye siruhusiwi kumtazama, tena bila hata nyumba ya yeye kujificha nyuma yake?

Nilikwenda kwa fundi wa kwanza, mwenye garaji karibu na kituo cha treni. Kufika kwake gari limeshapata moto, na gari lenye moto halilii. Aliliwasha, akalizima, akaliwasha tena, akaniangalia. Ikabidi nimwigie. Nikasimama katikati ya garaji, mtu mzima mwenye watoto, nikalia kama nguruwe. Watu wa garaji wakaacha kazi. Mmoja akauliza kama inaanza juu ikashuka au inaanza chini ikapanda, na nikalia tena, na wakabishana wao kwa wao kuhusu nani amesikia nini, na mwuza vocha wa ng’ambo ya barabara akaja kusikiliza. Fundi akainamia mkanda, akapitisha kidole, akakiona kimeshika ukoko mweupe. Akasema mkanda umezeeka. Tukaweka mwingine. Asubuhi iliyofuata kimya kabisa, nikampongeza moyoni. Ilikuwa Jumapili, lakini wakati huo nilikuwa bado sijajua maana ya Jumapili.

Jumatatu likalia. Niliupiga usukani kwa ngumi nikaumia mwenyewe.

Kuanzia hapo kila abiria akawa daktari. Nilikosea kuwaeleza, nakubali, lakini njia ya Base ni ndefu na mtu lazima azungumze. Mama mmoja muuza samaki alisema motere ina upepo ndani. Mwingine alisema kuna mtu ananionea wivu, akamtaja kabisa, nikamwomba ashukie hapohapo kabla hajaniharibia udugu. Jirani yangu wa Equateur, yule wa dawa za kifua, alisema kwao gari likilia hivyo linapewa jina jipya. Nikamwuliza jina gani. Akasema hilo ni la mwenye gari kuamua. Nilikuwa na majina kadhaa, hakuna lililofaa kusemwa mbele ya mwanamke.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Base, askari mstaafu aliyezeekea kwenye malori ya jeshi. Huyo hakucheka nilipomwigia, na kwa hilo peke yake nilimpenda. Aliona tena ule ukoko mweupe juu ya mkanda mpya, akautazama kwa muda, akasema huo ni ukoko wa maji ya rejeta yanayovuja kidogo kidogo na kukauka. Pampu ya maji ndiyo inayolia, akasema, pampu iko mbioni kufa. Hoja yake ilikuwa na akili, mtu hawezi kusema haikuwa na akili. Pampu yenyewe haipatikani Kamina, lazima itoke Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi lazima ije kwa treni ileile isiyojulikana siku. Lakini kabla ya kuagiza alitaka kuisikia sauti kwa sikio lake, gari likiwa na baridi, uani kwangu. Siku yake ya nafasi ilikuwa moja tu katika wiki.

Alikuja Jumapili kabla ya misa. Nilikuwa nimemwekea kiti na chai. Akasimama mbele ya kapo, ameinamisha kichwa, amefumba macho, na mimi nikawasha.

Gari halikusema hata neno. Liliwaka taratibu, kama mtoto anayehudumia altareni. Nililizima, tukasubiri, nikawasha tena, kimya. Mzee alikunywa chai yake yote, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu siku nyuma, nikagundua kwamba Jumapili halijawahi kulia. Nikamwambia mke wangu kwamba gari letu ni Katoliki kuliko yeye. Hakucheka, kwa sababu alikuwa na neno lake lililomkaa rohoni. Kwa siku kadhaa alikuwa akipanda asubuhi nimpeleke sokoni, na kila mara anavuta pua. Siku hiyo akalitoa lote.

“Weye unakunywaka pombe asubui yote hii?”

Nilikula kiapo kwa jina la marehemu mama yangu. Lakini hata mimi nilikuwa nimeisikia. Nikifungua upepo wa gari asubuhi, ilitoka harufu tamu ya kuchacha, harufu ya pombe iliyoanza jana. Kwa hiyo nilikuwa na gari linalolia kila siku isipokuwa Jumapili, na linanuka kama kilabu. Ningekuwa na jirani mwenye tabia hizo ningejua la kumwambia.

Kitu kingine nilikiona kigeni lakini nikakipita. Nilimtuma mke wangu amwulize mama yake kama anaisikia sauti ile, kwa kuwa yeye ndiye anayeamka wa kwanza katika boma zima na anasikia hata mjusi akibadilisha mawazo. Jibu likarudi kwamba hasikii kitu. Masikio yamezeeka, anasema. Mwanamke ambaye usiku uliotangulia alituma mtu kutuambia kwamba bomba la jirani linadondosha maji!

Kisha ikaja habari ya pili kutoka Kabongo. Mpwa wao mmoja alipiga simu. Alisema dada mkubwa kila asubuhi anauliza kama kuna motoka imesikika barabarani. Wakimwambia hakuna, anageukia ukutani. Mke wangu aliniambia hayo akiwa ameniangalia moja kwa moja, na mimi nikatoka nje nikalizunguka gari bila kujua ninatafuta nini. Niliona aibu. Mtu mzima, dereva wa miaka mingi, ameshindwa na nguruwe asiyeonekana, na kule bibi mzima anamsubiri.

Nikaamua nitaisikiliza mimi mwenyewe kuanzia mwanzo kabisa, baridi ikiwa kali zaidi, kabla mtu yeyote hajaamka. Kulipokaribia kupambazuka nikajifunga blanketi, nikaingia kwenye kiti changu, nikafunga mlango polepole. Mpango ulikuwa kusubiri kidogo, kuwasha, kutega sikio. Lakini blanketi lilikuwa zuri, na usingizi wa asubuhi mnaujua. Nikasinzia.

Nilizinduliwa na mpira wa kapo ukifunguliwa. Kisha kapo ikainuka taratibu mbele ya kioo, ikaniziba, nikaona mwanga wa tochi pembeni yake. Mwizi wa betri. Damu ikanichemka. Nikashika ile funguo ya magurudumu, ile nzito, nikaweka mkono kwenye mlango, na nilikuwa na maneno tayari ambayo padre hajawahi kuyasikia kwangu hata kwenye kitubio.

Halafu mwizi akakohoa.

Kikohozi kile nilikuwa nimeishi nacho miaka na miaka. Nikitoka, ninamkuta mama mkwe ana kwa ana, akiwa na nguo ya kulalia. Nisipotoka, akishusha kapo ananiona. Sijawahi kuogopa mwizi kama nilivyomwogopa mama yule. Mwisho nilifanya kitu pekee nilichojua kukifanya mbele yake. Nikakohoa.

Tochi ilizimika.

“Ni minyi, mukwe,” akasema nyuma ya kapo. “Usitoke.”

“Sitatoka, Mama.”

“Baridi iko naua bunga yangu. Inalalaka tu ndani ya beseni, haipande. Motoka yako inarudiaka mangaribi na moto. Nikasema, ile moto yote inaisha bure usiku. Nikaiiba.”

Nilichukua muda kuelewa. Beseni la unga wa bitumbula! Kila usiku, nikishalala, mama huyu alifungua mpira wangu kwa vidole viwili, akaweka beseni lake juu ya motere yenye joto, akafunika, akarudishia kapo. Unga ukaumuka vizuri, na harufu yake ya hamira ikajaza gari. Kabla sijaamka, akaja akalitoa. Jumamosi usiku hakandi, kwa sababu Jumapili hauzi, anakwenda misa ya kwanza. Mwezi ule wote wanafunzi wa mji mzima walikula maandazi yaliyoumuliwa na teksi yangu.

“Mama, ile si kuiba.”

“Ni kuiba. Mukwe haombake mukwe wake moto.”

Na kweli, angeniombaje? Ampe mke wangu ujumbe wa namna gani, kwamba mama anaomba kulaza beseni lake kwenye tumbo la gari la mkwe? Hata mimi nilipoisema moyoni nilisikia haya. Nikauliza jambo moja tu la kifundi, kwa heshima yote, nikiwa nimetazama usukani.

“Na ile bunga, inamwangikaka?”

“Ikipanda sana inatoka inje, inaanguka kule chini. Ninapangusaka na kitambaa. Lakini gizani sioni muzuri.”

Basi huo ndio ukoko mweupe. Si uzee wa mkanda, si maji ya rejeta, si pampu, si mtu wa wivu. Ni unga. Unga mbichi kwenye mkanda, baridi ya asubuhi, mkanda unateleza na kulia mpaka upate moto na kuurusha unga. Nilianza kucheka. Nilijizuia, nikaziba mdomo kwa blanketi, ikawa mbaya zaidi, ikanitoka puani. Nikaogopa nimemkosea. Kisha nikasikia nyuma ya kapo naye anacheka, kicheko kidogo cha chini. Tulikuwa hatujawahi kucheka pamoja. Kapo iliyosimama kati yetu ilitosha. Hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna kilichovunjwa.

Kicheko chake kikakatika.

“Basi ni minyi njo nilifunga njia yangu mwenyewe,” akasema. “Yaya yangu, dada mukubwa, iko naningoja, na minyi njo nafunga njia.”

Hapo moyo uliniuma kabisa. Mwezi mzima alikuwa akisikia kupitia ukutani jinsi ninavyosema gari bovu, safari haiwezekani, na hakujua kwamba ubovu wenyewe ni beseni lake. Aliposema hasikii sauti alidhani anaficha kosa dogo tu la joto lililoibwa, asije akaulizwa habari za kapo. Nikamwambia kwamba njia haijafungwa. Nikamwambia gari ni zima, aende akafunge mzigo wake, leo hii tunaondoka. Nikamwambia pia kwamba joto la gari ni lake tangu leo, bila kuiba. Nikafumba macho, nikasali Salamu Maria moja isiyo ya haraka, na nilipofumbua kapo ilikuwa imeshuka, mpira umefungwa, na uani hakuna mtu.

Niliosha mkanda na magurudumu yake kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Nikawasha. Kimya. Mke wangu alipojua kisa chote alikaa chini akacheka hadi akatokwa na machozi, kisha akanitaka radhi kuhusu pombe, radhi ambayo nilikuwa nimeisubiri kwa hamu na niliipokea polepole.

Safari yenyewe tuliipanga kwa adabu. Mke wangu mbele kando yangu, mama nyuma, na kati yetu kitenge kimetundikwa kutoka mlango hadi mlango. Kioo cha ndani cha kutazama nyuma nilikigeuza kikatazama paa. Niliendesha hadi Kabongo bila kujua nani yuko nyuma yangu barabarani, na kwa bahati hakukuwa na mtu. Kila tulipofika kwenye daraja la miti, nyuma ya kitenge nilisikia rozari ikienda mbio, na tukishavuka inarudi mwendo wake. Tulifika jioni tumefunikwa na vumbi, rangi moja sote.

Dada mkubwa alikuwa hai. Alikuwa ameisikia motoka.

Mimi sikuingia. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile, haya ni ileile. Niliketi nje na wanaume, nikaletewa bukari, ugali wa kwetu, nikala nikiwa nimewapa mgongo wanawake. Nilisikia tu kilio cha kwanza cha kuonana, kisha minong’ono ambayo haikuisha hata nilipokwenda kulala. Kabla ya kulala nililegeza mpira wa kapo mwenyewe. Alfajiri nilikuta umefungwa kwa fundo ambalo si langu, na kutoka jikoni ikaja harufu ya mafuta.

Jua lilipopanda mke wangu akatoka ndani ya nyumba akiwa na uso wa mtu aliyetumwa jambo gumu. Akasema mama amemsimulia dada yake mambo yote, beseni, kapo, mafundi wawili, mimi na blanketi langu. Dada mkubwa amekula andazi moja zima, yeye ambaye alikuwa akikataa hata uji. Na ana ombi.

“Mama mukubwa anataka kusikia ile makelele.”

Nilikwenda kuwasha. Gari likawaka kimya. Safari hii mama mkwe alikuwa ameweka unga kidogo na kifuniko kizito, hakuna kilichomwagika. Baada ya mwezi wa kulitukana gari kwa sababu linalia, sasa nilikuwa nalitukana kwa sababu halilii. Nikazima. Nikaenda hadi mlango wa jiko, nikakohoa, nikanyosha kiganja ndani bila kuangalia. Mtu akakiwekea bonge la unga mbichi. Hakuuliza wa nini.

Niliupaka mkanda wote, kwa kidole, huku najichafua mikono na wanaume wa Kabongo wakinitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Kisha nikawasha.

Lililia, jamani. Lililia kuliko siku zote, kuku wakatawanyika, mbwa akajibu. Na ndani ya nyumba vikatoka vicheko viwili. Kimoja nilikijua, kile cha chini. Kingine sikuwahi kukisikia, kilikuwa chembamba na kikavu, kikipotea na kurudi, kama cha msichana. Lilipopata moto na kunyamaza, sauti ile nyembamba ikasema kitu kwa Kiluba, na mke wangu akatoa kichwa mlangoni. Anaomba tena. Tulisubiri motere ipoe, nikapaka, nikawasha tena.

Tulirudi Kamina bila mama, alibaki na dada yake hadi karibu na mvua za kwanza. Alirejea kwa treni, ambayo siku hiyo iliamua kuja. Akaendelea na bitumbula vyake, na beseni lake likalala kwenye gari langu kwa kifuniko kizito, kwa ruhusa, bila neno lolote kusemwa kati yetu. Gari halikulia tena.

Kisha simu ikapigwa kutoka Kabongo kwamba dada mkubwa ametuacha. Mke wangu alilia. Nyuma ya nyumba sikusikia kitu. Msiba wa mama mkwe si jambo ambalo mkwe anaweza kuliendea na kulishika mkono, na usiku ule nililala vibaya nikiwaza kwamba sina hata njia ya kumwambia pole. Yule bibi mimi sikumwona hata siku moja. Ninachokijua kwake ni kicheko kile.

Asubuhi hakukuwa na harufu ya mafuta. Niliingia garini, nikawasha, na gari likalia.

Nilitoka, nikafungua kapo. Hapakuwa na beseni, wala unga uliomwagika. Juu ya mkanda kulikuwa na unga uliopakwa kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, na alama za kidole zilionekana. Nikashusha kapo. Sikuzima. Nililiacha lilie hadi liliponyamaza lenyewe, kisha nikakohoa, na kutoka nyuma ya nyumba akakohoa naye.